Majivu Juu ya Kabichi

Mji huu una kila kitu, ila hauna majivu. Nimeishi Johannesburg miaka kumi na moja, na nimeona watu wakiuza hapa vitu ambavyo kwetu hata mwizi asingeviokota, lakini siku niliyohitaji ndoo moja ya majivu nilizunguka wiki tatu nikarudi mikono mitupu. Kwetu Uvira, Kongo, majivu yalikuwa kero. Kila asubuhi uliyazoa kwenye mafiga ukayamwaga shambani, na mama yangu hakununua dawa ya wadudu maisha yake yote. Kabichi ikiingiwa na vidukari, unachukua majivu makavu alfajiri, umande ungali juu ya majani, unanyunyiza. Wadudu wanakufa au wanahama. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha hilo. Nilikua nikiona.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mwendawazimu. Nilichokifanya, mwanamke yeyote wa kwetu angekifanya, tena angemshukuru Mungu kwa sauti huku akikifanya, kama nilivyomshukuru mimi.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani Randburg, kitongoji cha jiji hili, kwa mama mmoja wa Kizungu aliyepita miaka sabini, akiishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne. Mimi na mume wangu tulikaa katika chumba cha uani, nyuma ya nyumba hiyo. Mume wangu ni mlinzi kwenye jengo la ofisi, akienda kazini mimi nabaki na yule mama, na ofisi yangu ilikuwa jiko lake. Mdomoni nilimwita Madamu, kama wafanyakazi wote wa huku wanavyosema. Moyoni nilimwita Bibi, kwa sababu alikuwa na tabia za bibi: kusahau miwani kichwani, kuniuliza kama nimekula, kunigombeza nikitembea bila viatu kwenye sakafu baridi.

Mume wake alikuwa amefariki kama mwaka mmoja kabla sijaanza kazi pale. Nilimjua kwa alivyoviacha: kofia ya ukindu iliyotundikwa msumarini, buti za mpira, daftari la penseli, na matuta sita ya mboga yaliyomezwa na magugu. Matuta yale yaliniuma kila nilipoanika nguo. Kwetu mtu akifa, shamba lake halilali msimu mzima. Mdogo wake, au mkwe, au hata jirani, lazima mtu mmoja ashike jembe, la sivyo watu watasema familia imekufa yote.

Mwezi wa tatu nikaomba ruhusa. Bibi alikwenda kuchukua lile daftari akanisomea. Kabichi, spinachi, vitunguu, karoti, vitunguu saumu: vyote, alikuwa ameandika marehemu, viingie ardhini majani ya miti yanapoanza kugeuka rangi. Nikacheka, nikasema tusubiri mvua. Bibi naye akacheka. Akasema huku mvua ndiyo inaaga, zimebaki radi mbili tatu za alasiri, na baada ya hapo ni jua kavu na baridi ya asubuhi mpaka mwezi wa tisa. Kupanda wakati miti inavua majani niliona kama kuinjika chungu wageni wakiwa wanafunga viatu kuondoka. Lakini nilipanda. Ardhi ile nyekundu ilikuwa laini kama unga, maana mtu alikuwa ameipenda kwa miaka mingi, na jembe liliingia bila ugomvi.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne kabichi zilikuwa zimeshika. Ndege wa huku wenye midomo mirefu walikuja kila asubuhi kuchokonoa minyoo na kupiga kelele za watu wanaodaiwa, nikawafukuza na ufagio. Kisha wakaja vidukari. Walijaa chini ya majani, wa kijivu, wameshikana kama ukurutu. Niliwaosha kwa maji ya sabuni, wakarudi. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta majivu. Bibi alipikia umeme. Majirani walipikia umeme. Jumapili baada ya kanisa, mjini, nilimwomba mama mmoja anayechoma mahindi karibu na kituo cha teksi anijazie mfuko, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akaniuliza kwa Kizulu kama nataka kuroga mtu. Nikaondoka bila kujibu, kwa sababu kwa lafudhi yangu jibu lolote lingekuwa baya.

Siku moja niliingia katika kibanda cha zana kutafuta kamba. Nikainua macho. Kwenye rafu ya juu, kati ya mfuko wa mbolea ya unga wa mifupa na kopo la misumari, palikuwa na kisanduku cha mbao nyeupe kisicho na kufuli. Nikafungua kifuniko palepale kilipokuwa. Ndani mlikuwa na mfuko mzito wa plastiki uliokazwa kwa waya, na ndani ya mfuko, majivu.

Nilipiga vigelegele. Mwanamke mzima, peke yangu kibandani, nikapiga vigelegele hadi Bibi akaniita kutoka dirishani kuuliza kuna nini. Nikamjibu nimepata dawa ya kabichi zake. Akasema vizuri, akafunga dirisha.

Nikiri pia kwamba niliona tofauti. Majivu yale yalikuwa mazito, rangi yake ikielekea weupe, na yalikwaruza vidoleni kama mchanga. Mlikuwa na vipande vidogo vyeupe vya mfupa. Lakini akili ya mtu hujieleza haraka inapotaka kitu. Nikajiambia: Wazungu hawa kila Jumamosi huchoma nyama nje, mifupa huanguka motoni, na mwenye daftari kama lile alikuwa mtu wa mpangilio, asingemwaga majivu ovyo. Nikachukua chekecheke la jikoni. Yaliyo laini nikayanyunyiza juu ya majani na kuzunguka mashina, kwa mkono wangu huu wa kulia, tuta kwa tuta, kwa wiki tatu. Vile vipande vigumu nikavifukia mizizini, kwa sababu mifupa ni mbolea, hata mtoto wa darasa la pili anajua.

Vidukari wakaisha. Sijui kama ni majivu au ni baridi iliyokuwa imeanza kuuma, ila waliisha, na kabichi zikafunga vichwa vikubwa, vizito, ukivigonga vinalia kama mlango mzuri. Mwishoni mwa mwezi wa tano nikakata ya kwanza. Niliikaanga kwa kitunguu na nyanya kidogo, nikampelekea Bibi mezani. Alionja. Halafu akaniambia nivute kiti nikae, jambo ambalo hakuwahi kulisema, tukala pamoja kutoka bakuli moja. Machozi yakamtoka. Akasema ladha ni ileile, kama za mume wake. Nilifurahi sana siku ile. Jumapili nikapika nyingine kwetu, mimi na mume wangu tukaila na ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani ambavyo dada mmoja wa kanisani huleta.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, Bibi alikuwa jikoni na kikombe chake cha chai. Aliniambia mwanawe anafika Ijumaa. Nilimjua huyo mwana kwenye picha tu. Anaishi ng'ambo, na hakufika baba yake alipofariki, sababu sikuijua na sikuwa nimeuliza. Bibi akaendelea, huku akikoroga chai:

"Anataka tumpeleke baba yake baharini, Durban, alikozaliwa. Naomba uniletee kile kisanduku cheupe kilichoko kibandani, juu, karibu na misumari."

"Kisanduku cha bwana?" nikauliza.

"Si cha bwana. Ni bwana mwenyewe. Tulimchoma, ndivyo alivyotaka. Sikujua nimweke wapi. Ndani ya nyumba sikuweza, nikaona kibandani ndiko alikokuwa na furaha zaidi."

Alisema kama mtu anayesema sukari iko kabatini.

Nilikuwa nimesikia kwamba Wahindi huchoma maiti zao. Lakini huyu alikuwa na Biblia kando ya kitanda na msalaba mlangoni. Kwamba Mkristo anaweza kumtia mume wake motoni, akampokea sandukuni, akamweka rafuni pamoja na misumari na mbolea, hilo halikuwa limewahi kupita hata mlangoni mwa akili yangu. Nilishika ukingo wa sinki. Kijasho chembamba kilinitoka mgongoni, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi kiasi kwamba nyasi zilikuwa nyeupe. Nilijisikia nikisema kwamba kisanduku kina vumbi, nitakifuta kwanza, nitakileta kesho. Akasema hakuna haraka.

Kibandani nilikishusha kisanduku kwa mara ya kwanza. Chini yake palikuwa na karatasi iliyogundishwa: jina lake kamili na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Wiki tatu nilikuwa nimechota humo kwa kikombe bila kukinyanyua hata siku moja. Nilifungua mfuko. Ilikuwa imebaki theluthi. Nikatazama mkono wangu wa kulia. Nikakumbuka chekecheke. Nikakumbuka lile bakuli, na Bibi akisema ladha ni ileile, na hapo nilitoka mbio nikatapika nyuma ya pipa la takataka, ingawa kabichi ile ilikuwa imeshapita tumboni mwangu siku nyingi.

Mume wangu alirudi mchana. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana kukaa sikuweza. Kwanza hakuelewa. Nikarudia.

"Weye mama, unasema nini? Ile kabichi ya dimanche, ya Jumapili? Ile tulikula na ndagala?"

"Ndiyo."

"Na minaongeza mara mbili!" Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Eish! Mungu wangu! Minakula mzee ya watu!"

Alitoka nje akasukutua mdomo kwa maji, kisha kwa maji ya chumvi, kisha akapiga mswaki hadi fizi zikatoa damu. Ningeweza kucheka kama angekuwa mume wa mtu mwingine. Aliporudi alikuwa ametulia, na utulivu wake ulinitisha kuliko kelele.

"Sikia, mama. Huyu Madame akijua, tunafukuzwa. Tutaenda wapi na hii baridi? Polisi wakikuja, weye utawaelezea nini? Kwamba ni dawa ya vidukari? Watasema hawa wageni ni wachawi. Pale karibu na kazi yangu kuko baba mmoja anachomaka nyama. Majivu iko mingi. Nitakuletea sachet moja, mfuko muzima. Unajaza, unafunga, unaomba Mungu, unanyamaza. Majivu ni majivu. Nani atajua?"

Nilikuwa naogopa kufukuzwa kama yeye. Alichosema kuhusu wachawi nilikuwa nimeshakiwaza mwenyewe nikiwa nimeinama nyuma ya pipa. Kesho yake alfajiri, akitoka kazini, alileta mfuko wa plastiki umejaa majivu ya makaa, laini, meusimeusi, yananukia mafuta ya nyama. Wiki tatu nilikuwa nimeyatafuta majivu mji mzima, na siku nisiyoyataka yakanifikia mlangoni.

Niliingia nayo kibandani. Nilifungua kisanduku, nikafungua mfuko, nikashika kikombe. Na hapo mkono ukakataa.

Lazima niseme kwa nini. Baba yangu alifariki nikiwa hapa, mwaka wangu wa nne. Sikuwa na karatasi za kuniwezesha kutoka na kurudi, nikabaki. Kaka yangu alinitumia picha ya kaburi kwenye simu: udongo mbichi, msalaba wa mbao, maua. Niliichapisha nikaibandika ukutani. Nililia mbele ya picha ile, niliombea mbele yake, nilimweleza baba kuhusu ndoa yangu. Miaka miwili. Halafu shangazi alikuja kuponyokwa ulimi kwenye simu: baba alizikwa haraka, mbali, wakati wa vurugu, na kaka hakuwepo. Kaburi la pichani lilikuwa la jirani. Kaka alilipiga picha ili nitulie. Sijamsamehe hadi leo. Nasalimiana naye, namtumia salamu za Krismasi, lakini sijamsamehe. Maji niliyoyamwaga machoni juu ya udongo wa mtu mwingine hayazoleki.

Kwa hiyo nilibeba kisanduku kama kilivyo, chepesi, na mfuko wa majivu ya makaa nikauacha kibandani sakafuni. Bibi alikuwa sebuleni akikunja nguo. Niliweka kisanduku mezani nikabaki nimesimama, mikono nyuma.

"Madamu, kuna neno. Naomba unisikilize mpaka mwisho, ndipo unifukuze."

Nikamweleza. Mafiga ya mama, vidukari, majivu, vigelegele alivyovisikia mwenyewe. Nilieleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, na pale maneno yalipokwisha nilionyesha kwa mkono, hivi, kama mtu anayetia chumvi. Nilipofanya ishara ile uso wake ulibadilika. Alielewa yote kwa mara moja.

Kwanza alifungua kisanduku akatazama. Akakifunga. Midomo yake ilikuwa imetoweka.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu unaingia mle, na hukuniuliza hata siku moja kuna nini sandukuni."

"Sikuuliza, Madamu."

"Kuuliza kungekugharimu nini?"

Kwetu tunasema kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza. Nilisema samahani, nikaona neno lenyewe lilivyo dogo. Alinyanyuka akatoka nje na ndara zake za ndani, juu ya nyasi zenye barafu, akaenda hadi kwenye matuta. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama mbele ya kabichi zilizobaki kumi na moja. Alipiga yowe moja, fupi, la mtu aliyekanyaga kaa la moto, mpaka mbwa wa jirani akabweka. Nilidhani ataning'oa nywele. Badala yake aliniuliza, bila kugeuka:

"Ile tuliyokula. Uliiosha?"

"Niliiosha, Madamu. Maji matatu."

"Na maji?"

"Niliyarudisha hapa. Sipendi kumwaga maji bure."

Akatikisa kichwa polepole. Akachuchumaa kwa shida, akashika udongo kati ya kabichi mbili, akausugua kwa vidole, akapata kipande kimoja cheupe. Alikitazama muda mrefu. Kisha akakirudisha shimoni kwa kidole gumba, kama apandavyo mbegu, na akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Nenda ukalete kilichobaki. Sitaki agawanywe."

Nilidhani sikuelewa Kiingereza. Akarudia. Hakutaka mume wake awe theluthi baharini na mengine bustanini. Kama yuko hapa, awe hapa kamili. Basi nikaleta kisanduku, na tukamaliza pamoja, yeye tuta hili na mimi lile, na mkono wangu ambao wiki zilizopita ulinyunyiza kwa furaha safari hii ulikuwa mzito kama wa kuazima. Niliomba Baba Yetu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Yeye alikuwa anasema naye, maneno ya mke na mume, sikuyasikiliza. Nilipoona anafuta machozi kwa kiwiko nikadhani mambo yameisha. Nikadhani tumefanya jambo la haki, gumu lakini la haki, na kesho mwanawe atakuja, ataambiwa, atalia hapa, na mambo yatakuwa wazi.

Tulipokwenda kurudisha kisanduku kibandani, Bibi akauona ule mfuko sakafuni.

"Hiki nini?"

Nikaona aibu, lakini nilikuwa nimeshaamua kusema kweli siku ile. Nikamwambia: ni majivu ya makaa, mume wangu aliyaleta ili tukudanganye, nikashindwa.

Aliuinua mfuko, akaupima kwa mkono. Akaufungua, akanusa. Kisha akaniomba chekecheke.

Sikusogea. Akalitafuta mwenyewe, akalikuta, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaanza kuchekecha majivu ya mchoma nyama ndani ya mfuko wa mume wake, akitoa vipande vyeusi vya makaa kimoja kimoja. Aliongeza na viganja vichache vya chokaa ya bustani, ili rangi ielekee weupe.

"Madamu," nikasema, "mwanao."

"Mwanangu amepanda ndege mbili. Alikosa kuzika. Ana hotuba ameiandika ya kusoma ufukweni, amenisomea kwenye simu. Unataka nimwambie baba yake tumemla na vitunguu?"

"Nataka umwambie ukweli."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia hivyo mwajiri wangu. Nikavuta ndoo nyingine, nikakaa mbele yake, nikamsimulia picha ya kaburi. Ukutani kwangu, miaka miwili, udongo wa jirani. Nilimwambia mtoto akija kujua baadaye, ni kama kufiwa upya, na safari hiyo anafiwa na watu wawili, marehemu na yule aliyemdanganya. Nililia nilipokuwa nasema. Alisimamisha chekecheke akanisikiliza, akanisikiliza vizuri kweli, kama alivyonisikiliza nilipoomba matuta.

"Hiyo miaka miwili," akauliza, "ulikuwa unalala?"

Nikafikiri. Kabla ya picha ile kufika nilikuwa silali. Nilikuwa natembea chumbani hadi kunakucha, nikimwona baba ametupwa barabarani. Picha ilipofika, usiku uleule nililala kama mtoto.

"Nilikuwa nalala," nikajibu.

"Basi na mwanangu alale," akasema, akaendelea kuchekecha.

Nilitaka kubisha. Niliona ghafla uso wa kaka yangu, akiwa amesimama na simu mbele ya kaburi la jirani, akitafuta pembe nzuri, akisogeza maua yaonekane. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nilikasirika zaidi kuliko siku zote, na wakati huohuo nikaanza kumlilia.

Mwana alifika Ijumaa. Ni mtu mrefu, amepungukiwa nywele, mwenye macho ya mama yake na aibu ya mtu aliyechelewa. Alinipa mkono kwa mikono miwili. Alizunguka bustani na kusifu kabichi. Bibi akasema ni za kuangalia tu mwaka huu, hazikatwi. Hakuuliza kwa nini. Usiku, nikiosha vyombo jikoni, nilimsikia kupitia ukuta akijizoeza hotuba yake, anasoma, anasimama, anaanza tena mwanzo.

Asubuhi ya Jumamosi waliondoka. Alikibeba kisanduku kifuani mpaka garini, hatua fupifupi, kana kwamba ndani mna maji yaliyojaa hadi ukingoni. Bibi alikaa kiti cha mbele, akatazama mbele moja kwa moja. Mwana alikiweka kisanduku kiti cha nyuma. Kisha akarudi akasimama mbele yangu getini.

Akasema mama yake amemweleza jinsi nilivyoitunza bustani ya baba. Akanishukuru. Akasema kule ufukweni, baada ya hotuba, kila mtu atamwambia baba neno moja la mwisho, na kwa kuwa mimi sitakuwepo, angependa apeleke langu. Akatoa kikaratasi na kalamu, akangoja.

Bibi hakugeuza shingo. Nilimtazama yule mwana, mtu mzima mwenye kalamu mkononi.

"Mwambie anisamehe," nikasema.

Akaandika. Akanitazama kwa upole, akadhani ni desturi ya kwetu. Akafungua mlango wa nyuma, akakifunga kisanduku mkanda kama anavyofungwa abiria, akauvuta kuhakikisha umeshika, wakaondoka.